Mikanda ya Mashindano Haifai Gari la Nyumbani



Gari la zamani lililotunzwa vema lina heshima yake. Peugeot 404, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, ikionekana leo yapanda kutoka Masasi kwenda Mkunya, Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, haitakosa mzee wa kuikumbuka. Ni gari la aina hiyo alilolitumia Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliposhinda Safari Rally mwaka 1966 na tena mwaka 1967.

Huenda nawe unalo gari la namna hiyo, na baada ya kutazama picha za mashindano umevutiwa na mikanda ya madereva wale: mipana, yenye kupita juu ya mabega yote mawili, kushika nyonga, na kukutana katika kifungo kimoja tumboni. Unajiuliza: ikiwa mikanda hiyo huwaokoa wanaokimbia kwa kasi kubwa vile, kwa nini isiiokoe familia yangu?

Swali ni la haki, kwani mkanda si pambo. Mtu mwenye uzito wa kilo 70, gari lake likigonga mti kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hupata dhoruba sawa na ya kuanguka kutoka urefu wa meta 10. Hata akisimamishwa katika nafasi ya nusu meta, mkanda wake hubeba nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1,400. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa huwa kama magunia mawili ya mahindi. Hakuna mikono ya mama iwezayo kumzuia.

Hata hivyo, mikanda ya mashindano haikubuniwa ifanye kazi peke yake. Ni kiungo kimoja cha mwili mzima. Katika gari la mashindano kuna kizimba cha mabomba ya chuma kinachozuia paa lisibonyee, kiti kirefu chenye matundu ya kupitishia mikanda, na kofia ngumu kichwani. Ondoa viungo hivyo, na mkanda uliokuwa mlinzi waweza kugeuka adui.

Fikiri gari limepinduka kwenye kona. Paa la bati jembamba labonyea. Aliyefunga mkanda wa kawaida, unaopita bega moja, anaweza kuinamia upande. Aliyefungwa mabega yote mawili amesimamishwa wima kama nguzo, na paa linamjia kichwani. Utasema, "Basi nitafunga na kizimba." La hasha, hapo umezaa tatizo jingine: bomba la chuma lililo karibu na kichwa kisicho na kofia ngumu ni nyundo inayongoja siku yake.

Tazama pia mahali inapofungwa. Mikanda ya mabega yapasa kwenda nyuma karibu sawa na usawa wa mabega. Katika gari la nyumbani fundi asiye na mahali pa kuifunga aghalabu huiteremsha hadi sakafuni, nyuma ya kiti. Gari likigonga, mikanda huvuta mabega kuelekea chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Na kama haupo mkanda wa kupita katikati ya mapaja, ule wa nyonga hupanda tumboni, penye ini na matumbo, badala ya kubaki kwenye mfupa.

Shingo nayo ina hatari yake. Kiwiliwili kikizuiwa kabisa, kichwa huendelea na safari. Dereva mashuhuri wa Marekani, Dale Earnhardt, alifariki mwaka 2001 katika mashindano ya Daytona kwa kuvunjika kitako cha fuvu. Tangu mwaka 2003 madereva wa Formula One wamelazimika kuvaa kifaa cha kushikilia kichwa na shingo. Nani atakivaa akienda sokoni Newala?

Zaidi ya hayo, mikanda hiyo hukuzuia kuinama mbele kutazama njia panda. Matokeo yake dereva huilegeza apate nafasi, na mkanda uliolegea humpokea mtu akiwa amekwisha kupata kasi. Na siku ya ajali, wanakijiji watakaokuja kukuokoa wanajua kifungo cha kubonyeza. Cha kuzungusha huenda hawajapata kukiona.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni mkanda wa kawaida unaoshika sehemu tatu, uliobuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, ambao kampuni hiyo iliwaachia watengenezaji wengine wautumie. Huo ndio wa kuufunga katika gari lako, mbele na nyuma, kwa kila mtu na mkanda wake. Na watoto wadogo wakae katika viti vyao maalumu.

Ufungwe vema. Mkanda mpya kwenye bati lenye kutu ni kamba iliyofungwa kwenye mti mkavu. Pale ambapo kiwanda hakikuacha mahali pa kufungia, mwambie fundi aweke bamba la chuma upande wa chini wa bati. Katika mashindano kipimo cha bamba hilo ni unene wa milimita 3 na eneo la sentimita 40 za mraba, nacho ni kipimo chema kukiiga. Bolti ziwe zile ngumu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, si za kuokota gerejini. Wala usinunue mkanda uliokatwa kwenye gari la ajali: nyuzi zake zimekwisha kuvutika, japo macho hayaoni.

Kabla ya safari ijayo, ndugu msomaji, inua zulia la gari lako, chukua bisibisi, uchokoe bati pale mikanda iliposhikizwa. Likitoboka, fedha uliyoiweka kwa ajili ya mikanda ya mashindano imepata kazi yake: mpe mchomeleaji.