Zebaki: Tuogope mvuke kuliko samaki

Mzazi wa Mwanza, huenda unajiuliza kama sato unaompikia mwanao ana zebaki ya machimbo. Mwaka 1996, Justin Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa Japani walichapisha vipimo vya samaki na nywele za watu wa ukanda huu. Samaki wa ziwani walikutwa na zebaki kidogo. Baadhi ya wachimbaji, nyingi mno. Wanasayansi wengi wamenukuu kazi hiyo, lakini faida yake iko nyumbani kwako: usichomee dhahabu yenye zebaki karibu na watoto wala mjamzito. Mvuke wake huharibu ubongo. Mtoto akitetemeka mikono, mweleze daktari kazi mnayofanya.