Mzigo usivuke mpaka kabla arifa ya malipo haijafika

Kuna mazoea hapa Busia na Malaba ambayo kwa maoni yangu ni lazima yaishe. Mteja analipa, anageuza simu yake, anakuonyesha meseji, nawe unasema, "Sawa, pakia." Meseji iliyo kwenye simu ya mteja si uthibitisho wako. Mtu yeyote anaweza kuiandika, kuibadilisha tarakimu, au kukuonyesha ya jana.

Mjini kwingine ukidanganywa, pengine utamfuata mtu hadi stendi. Huku kwetu, gari likishavuka ni Uganda. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na maafisa wa nchi zote mbili wanahudumia watu mahali pamoja. Hilo ni jambo jema kwa biashara. Ila mzigo ambao haujalipiwa nao unavuka upesi vilevile.

Kama unauza nyanya au omena kwa tili moja, na simu ya tili iko mkononi mwako, hayo tu yanatosha. Subiri meseji yako wewe, tazama salio, basi. Shida inaanza biashara ikikua. Una keshia wawili, mtu wa stoo, tili mbili, na simu inayopokea meseji iko na bosi aliyeenda Bungoma. Ama simu imeshika mtandao wa ng'ambo na meseji inachelewa. Keshia anapiga, hapokelewi. Dereva anapiga honi. "Pakia tu, bana." Hapo ndipo pesa hupotelea.

Dawa ipo, na wafanyabiashara wa kiwango hicho waanze kuidai: mfumo wa dukani ujiandikishe kupokea arifa moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya malipo. Kwa M-PESA, mlango huo unaitwa Daraja, na Safaricom iliufungua mwaka 2017. Programu yako inatuma ombi lenye namba yako ya biashara na anwani ya wavuti ya kupokelea taarifa. Kuanzia hapo, kila malipo yakiingia, seva yao inaipasha habari seva yako: kiasi, namba ya muamala, saa. Keshia anaona kwenye kompyuta, mtu wa stoo anaona kwenye simu yake. Hakuna haja ya kumpigia bosi.

Wengi humwachia kijana wa kompyuta kazi hiyo yote. Mimi nasema hapana. Kuandika programu ni kazi yake, lakini kuna maamuzi manne ambayo ni yako mwenye mali.

Kwanza, arifa zinaenda wapi? Anwani iliyosajiliwa ndiyo inayopokea habari za pesa zako. Ikiwa ni ya seva ya kijana huyo, siku mkikosana utabaki gizani. Anwani iwe ya biashara yako, na nywila za akaunti ziwe kwako.

Pili, mfumo wako ukizima itakuwaje? Ukitumia Paybill, unaweza kuomba uwezo wa kukagua malipo kabla hayajakamilika, kwa mfano kukataa namba ya akaunti ambayo haipo. Wakati wa kusajili unachagua: mfumo wako usipojibu, malipo yakamilishwe au yaghairiwe. Stima hupotea. Ukichagua kughairi, wateja watashindwa kulipa stima ikipotea. Ukichagua kukamilisha, utapokea pesa zenye namba za akaunti zilizokosewa, uzipange baadaye. Mimi ningechagua kukamilisha, lakini ni wewe unayewajua wateja wako.

Tatu, namba mpya ikiongezwa, nani ataisajili? Unafungua tawi Malaba, unapewa namba nyingine, halafu hakuna anayekumbuka. Pesa zinaingia lakini kompyuta iko kimya, na keshia anarudi kule kule kwa kuonyeshwa simu. Ndiyo maana usajili usifanywe kwa mkono na kwa kumbukumbu. Programu iwe na orodha ya namba zako zote, isajili kila mpya inayoingizwa, na ikuonye ikiwa namba fulani haijaleta arifa siku nzima.

Nne, arifa yenyewe itaaminiwa vipi? Mtu akiijua anwani yako anaweza kuitumia taarifa ya uongo, sawa tu na meseji bandia. Kwa mzigo mkubwa, programu iulize upya kwa kampuni ya malipo kama muamala huo upo kweli kabla mtu wa stoo hajaruhusiwa kupakia. Na kila jioni linganisha arifa na taarifa ya akaunti, maana seva ikiwa imezima arifa inaweza kukupita.

Najua kuna atakayesema haya ni ya kampuni kubwa za Nairobi. Piga hesabu mwenyewe. Chukua thamani ya lori moja la mchele au mafuta ya kupikia, ulinganishe na gharama ya kumlipa mtaalamu mara moja.

Kabla hujamlipa mtaalamu huyo, fanya jaribio mbele yake: lipa shilingi 10 kwa kila namba yako, moja moja, uone kama kila moja inaleta arifa dukani. Iliyo kimya irekebishwe kwanza.