Mwache Asome, Nawe Usome



Wazazi kadhaa wameniuliza kama kitabu cha The Fault in Our Stars kinamfaa kijana aliyeokoka. Nimekisoma chote. Jibu langu: mwache asome, halafu nawe mzazi ukisome.

Mwandishi ni Mmarekani, John Green. Kilitoka 2012 na filamu yake ikafuata 2014. Green aliwahi kuhudumu katika hospitali ya watoto akijifunza kazi ya kasisi wa wagonjwa, na inaonekana kwamba wodi anaijua. Hazel ana miaka 16. Saratani yake imefika mapafuni, basi anatembea na mtungi wa oksijeni. Augustus amekatwa mguu kwa saratani ya mifupa. Wanakutana kwenye kikundi cha vijana wagonjwa katika kanisa moja mjini Indianapolis, wanapendana.

Ndiyo, kuna mambo mle ambayo siyaungi mkono. Wanalala pamoja wakiwa Amsterdam, na ndoa haipo. Hazel naye hana hakika na mbinguni. Keti na mwanao umwambie unaamini nini, usimnyang'anye kitabu.

Kilichonisumbua mimi ni kile kikundi. Kiko kanisani, watu wanaomba, majina ya waliofariki yanasomwa, na bado Hazel huenda ili tu kumfurahisha mama yake. Sisi je? Kijana wetu akiugua tunafunga, tunampaka mafuta, na ni vyema, Yakobo 5 imeagiza. Wiki zikipita bila kupona tunaanza kunong'ona. Ana dhambi gani? Ni laana ya ukoo? Imani yake ni haba? Wengine huthubutu kumwambia aache dawa! Hapana, watu wa Mungu. Paulo, ambaye hata leso zake ziliponya wagonjwa (Matendo 19:12), alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto (2 Timotheo 4:20), na hakuandika popote kwamba Trofimo alikosa imani. Elisha alikufa kwa ugonjwa, kisha mifupa yake ikafufua maiti. Soma 2 Wafalme 13. Ninaamini uponyaji na Jumapili hii nitauhubiri, lakini sitamfanya mgonjwa awe mshtakiwa.

Halafu kuna yule mama. Siku moja Hazel akiwa mahututi alimsikia akilia kwamba hatakuwa mama tena. Neno hilo likamkaa binti moyoni. Anaogopa kufa, lakini anaogopa zaidi vile wazazi watabaki. Baadaye anagundua mama yake amekuwa akisoma kwa siri awe mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na badala ya kukasirika anafurahi mno. Mama unayemuuguza mtoto, umeacha kwaya, umeacha chama, umeacha hata kusuka nywele: huenda mwanao anakutazama na kuhesabu hayo yote kama deni lake. (Akina baba, nanyi pia. Hamko nje ya hili.)

Sehemu iliyonitoa machozi ni pale Augustus, akijua siku zake ni chache, anapowaita Hazel na rafiki yao Isaac, aliyepofushwa na saratani, waje kanisani wamsomee maneno ya mazishi angali hai. Anataka kuyasikia. Huku kwetu tunachapisha programu za rangi, kurasa na kurasa, tunapanga foleni ya kumsifu mtu ambaye miezi sita kitandani hatukumpigia hata simu.

Kwa hiyo Ijumaa hii vijana hawatakuwa na kesha kanisani. Tutaenda wawili wawili kwa wenzetu wagonjwa ambao wako radhi kupokea wageni. Kaeni kama rafiki za Ayubu zile siku saba za kwanza, kabla hawajafungua midomo wakaharibu. Beba maziwa au matunda. Muulize anasoma nini, anapenda timu gani, na kama anataka maombi. Akisema amechoka, muage urudi siku nyingine. Wanaokwenda, peaneni majina kwa viongozi wa vijana kufikia Alhamisi.

Mbarikiwe.