Mambo ya Ufundi: Inchi au Milimita?

Seremala kijana amalizapo mafunzo yake na kupata fedha kidogo za kununua vyombo, hukutana na swali ambalo pengine mwalimu wake hakumjibu. Dukani huonyeshwa patasi ya nusu inchi na patasi ya milimita 12, nazo zimelazwa pamoja, tena kwa macho hazitofautiani. Je, achukue ipi? Akichagua bila kufikiri, hasara haitaonekana siku ile, bali siku atakapompelekea mwenyewe kabati lake.

Jambo la vipimo si geni. Watu wa pwani tangu zamani walipima kwa shibiri, dhiraa, wari na pima: shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa mbili ni wari, na dhiraa nne ni pima. Lakini mkono wa mtu mrefu si sawa na wa mtu mfupi, na ugomvi haukukosekana. Waingereza wakaja na futi na inchi. Na baada ya uhuru wa 1963 Kenya ikaingia katika vipimo vya mita. Hata hivyo, sheria hubadilika upesi kuliko desturi. Mpaka leo mtu huenda kununua mbao akaomba “mbili kwa nne”, akahesabiwa kwa futi, na misumari akataka ya inchi tatu. Kumbe ramani ya nyumba yake imeandikwa kwa milimita tupu.

Basi ijulikane kwanza kwamba inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Ndivyo Uingereza, Marekani na nchi nyingine nne zilivyopatana mwaka 1959. Mafundi wengi hukata hesabu wakasema 25. Katika inchi moja kosa hilo halionekani. Lakini ubao wa futi nane una inchi 96, na kosa likirudiwa mara 96 huwa milimita 38.4, yaani inchi moja na nusu. Mlango uliopungua kiasi hicho haufungi nyumba.

Unene nao una mtego wake. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Fundi akichimba mfuo wa robo tatu, kisha akatia rafu ya plaiwudi ya milimita 18, hubaki nafasi ya zaidi ya milimita moja. Rafu itacheza, wala gundi haitashika vema. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Hatari kubwa zaidi imo katika mashine ya kuchimbia mifuo, ambayo mafundi huiita ruta. Kishikio cha robo inchi kina upana wa milimita 6.35. Biti yenye mpini wa milimita 6 huingia humo kwa urahisi, lakini haikazwi barabara. Mashine hiyo huweza kuzunguka mara 20,000 kwa dakika. Biti ikichomoka, inayoumia si mbao peke yake. Hapa hakuna kukisia: mpini wa biti lazima uwe wa kipimo kile kile cha kishikio.

Inchi ina sifa zake. Hugawanyika kwa nusu, robo na thumuni bila taabu, na futi ikigawanywa mara tatu hutoa inchi nne kamili. Lakini mtu atakiwapo kutoa inchi 4 na 7/16 katika inchi 11 na 3/8, hana budi kukaa chini na kalamu ndipo apate 6 na 15/16. Kwa milimita hesabu hiyo ni 289 kutoa 113, jibu 176. Hata mwanafunzi wa fundi huipata akiwa amesimama.

Kwa hiyo aanzaye kazi sasa ni heri achore, aweke alama na kukata kwa milimita. Inchi na futi aziache kwa wauza mbao na misumari, na kila kipimo akigeuze mara moja tu, akiandike katika daftari kabla msumeno haujagusa mbao. Aitengenezaye mashine ya zamani ya Kiingereza asitupe spana zake za inchi, maana nati zake hazitabadilika.

Na yule aliyerithi patasi za nusu inchi kwa baba yake asione haya wala asikope fedha kununua nyingine. Tundu likichimbwa kwa patasi ile, na ulimi ukapimwa kwa patasi ile ile, vitaingiana vema, uitwe upana huo nusu inchi au milimita 12.7. Kiungo hakijui jina la kipimo. Hujua tu kama pande mbili zimepimwa kwa chombo kimoja.

Mwisho, watu wawili wakifanya kazi pamoja, tepu iwe moja, na kila atajaye hesabu ataje na kipimo chake. Njia mbili zilimshinda fisi, na mbao iliyokatwa fupi hairefushwi tena.