Tusimnyime chakula mgonjwa wa manjano



Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, iwe Katuba, Kenya ao Ruashi, mtu akipata macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai, jamaa wanakata neno mara moja: asile nyama, asile yai, sombe yake isitiwe mafuta. Wanampa uji mwepesi na maji ya mizizi ya kuharisha. Kisha rafiki anakuja kumsalimia na chupa ya bia, kusudi apate nguvu! Sisi tunasema wazi: desturi hiyo imegeuka kichwa chini. Tunamnyima kinachomsaidia, tunampa kinachomwumiza.

Maini ni karakana ya mwili. Yanasafisha damu, tena yanaweka akiba ya sukari kwa saa ambazo hatuli. Virusi ya hepatiti ikiingia, karakana inafanya kazi nusu, na akiba inaisha upesi. Mgonjwa asiyekula anazidi kulegea.

Basi ale nini? Chakula cha kila siku: bukari, maharagi, samaki, yai, majani, papai. Ale kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Asubuhi ale zaidi, maana kichefuchefu mara nyingi kinazidi jioni. Mafuta kidogo si sumu, yakimtapisha, yapunguzwe. Unga na karanga zenye ukungu zitupwe, kwa sababu sumu ya ukungu inaharibu maini, na moto wa jiko hauimalizi. Bia na lutuku, hapana kabisa mpaka munganga aruhusu. Dawa za maumivu na za mizizi, aulizwe munganga kwanza.

Lakini tusidanganyane: chakula hakiui virusi. Ni lazima kupima damu, kwani macho ya manjano hayasemi ni hepatiti gani. A na E zinapita katika maji na mikono michafu, kama kisima kikichimbwa karibu na choo. A kwa kawaida inapona yenyewe, lakini E ni hatari sana kwa mama mwenye mimba. B na C zinapita katika damu: wembe mmoja kwa watu wengi, sindano isiyo safi. B inapita tena kwa kulala pamoja, na toka mama kwa mtoto. Hizo mbili zinaweza kukaa miaka mingi na kuleta kansa ya maini. Kwa B kuna chanjo. Tusiikatalie watoto wetu.

Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kulala mchana kutwa, kutoka damu ao kutapika bila kukoma, apelekwe lopitali siku ile ile, si kesho.

Baba wa nyumba, usione haya kupumzika siku ambazo munganga amekuandikia. Nawe mama, sabuni na maji yaliyochemka ni kazi yako na ya bwana yako pia. Sahani ya chakula kizuri mbele ya mgonjwa si anasa. Ni sehemu ya matunzo yake.