Si kila uvimbe wa jicho ni jipu

Jirani zangu huniita Daktari, ingawa udaktari wangu ni wa isimu. Ndiyo sababu juzi mama mmoja aliniita nimtazame mwanawe wa miezi minane, mwenye kivimbe kigumu penye ncha ya nje ya nyusi. "Ni jipu lisilotaka kuiva, Daktari," akasema. Nyanyake mtoto alikuwa amekwisha kutayarisha wembe.

Neno hilo ndilo lililonitia hofu. Jipu huuma, hutunga usaha, nalo hutumbuliwa. Kivimbe cha namna hii kwa kawaida hakiumi. Ni kifuko ambacho mtoto huzaliwa nacho: mimba ikingali changa, kipande cha ngozi hunaswa pale mifupa ya fuvu inapoungana, kikawa kinatoa mafuta humo ndani, pengine hata nywele. Kikipasuliwa ovyo, yaliyomo humwagika na kuwasha nyama za jirani, na mabaki yake huweza kukua tena. Mpasuaji hujitahidi kukitoa kizima, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Wauguzi wetu wanapowaambia wazazi "uvimbe" tu, wamesema nusu. Waseme "kifuko cha kuzaliwa nacho". Mama yule nilimwelekeza kwa daktari wa macho. Wembe niliondoka nao mimi.