Kupandikizwa uboho: mnyoo wa nyumbani unaweza kumfuata mgonjwa hadi Ulaya

Waganga wakisema mgonjwa wa kansa ya damu apandikizwe uboho, yaani ile mafuta ya ndani ya mfupa yenye kutengeneza damu, familia inaanza kutafuta pesa za kwenda inje ya inchi. Lakini mbele ya safari kuna swali la kuuliza: je, mgonjwa anabeba mnyoo unaoitwa strongiloidi?

Mnyoo huu ni mdogo sana. Unapitia ngozi ya miguu, mtu akikanyaga bila viatu udongo uliochafuliwa na choo. Unazaliana humo humo mwilini miaka mingi. Askari wa Uingereza waliofungwa na Wajapani kwenye reli ya Burma, katika Vita ya Pili ya Dunia, walipimwa zaidi ya miaka 30 kisha vita, na wamoja walikuwa nao bado. Mwenye nguvu anaweza asisikie kitu.

Kwa kupandikizwa, mambo yanabadilika. Mgonjwa anapewa dawa kali za kuua uboho wenye ugonjwa, kisha dawa za kushusha kinga kama prednisoloni, ili chembe za mtu aliyetoa uboho zisishambulie mwili wake. Hapo minyoo inaongezeka bila kizuizi. Inatoboa utumbo, inafika mapafu na hata ubongo, ikipeleka bakteria kwenye damu. Ni jambo la nadra, lakini lisipotambuliwa mapema linaua. Na munganga wa Ulaya asiyejua mgonjwa alikulia wapi anaweza kutibu bakteria peke yake, akaacha mnyoo.

Kupima choo mara moja hakutoshi, juu mnyoo hauonekani kila siku. Kuna pia kipimo cha damu. Dawa yake ni ivermektini, ile tunayoijua kama Mectizan katika vita dhidi ya upofu wa mto. Lakini mtu asijinunulie: mwenye filaria ya Loa loa kwa wingi, inayopatikana katika misitu ya Kongo, anaweza kuingia koma akiimeza. Huyo apimwe damu kwanza, tena mchana, wakati filaria hiyo inatembea kwenye damu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, barua ya munganga isitaje kansa tu. Iandike pia mgonjwa alikulia kijiji gani, na kama alilima au kuchimba madini bila viatu. Mistari hiyo miwili inaweza kuokoa kazi yote ya uboho.